Sumaku Niliyoiua kwa Moto

Ndugu msomaji, kabla sijaanza kukueleza jambo lolote juu ya sumaku, sina budi kukiri kosa. Likizo ya Aprili niliua sumaku. Niliiua kwa moto wa makaa, mchana kweupe, tena nikidhani ninafanya kazi nzuri ya kusifiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mjomba wangu ni fundi hapa mjini Kitale. Kazi yake hasa ni kusuka upya nyaya za mota za posho mill zilizoungua, lakini mtu akimletea redio au spika hamfukuzi. Siku hiyo mteja mmoja alikuwa ameleta spika kubwa ya besi, ya matatu, ambayo karatasi yake ilikuwa imepasuka. Mjomba alipokwenda kutafuta karatasi nyingine aliniambia, "Mpwa wangu, bandua hiyo kuukuu na gundi yote. Nikirudi nikute ni safi."

Gundi yenyewe ilikuwa ngumu kama mfupa. Nilikwangua kwa bisibisi hadi vidole vikauma. Jiko lilikuwa hapo kando, chai imeshachemka, makaa mekundu. Basi nikaitumbukiza spika yote motoni, fremu na sumaku yake. Gundi ikaungua, karatasi ikawa majivu, na baada ya nusu saa nikaitoa kwa koleo nikaiacha ipoe. Ilikuwa safi kama sahani ya wageni.

Mjomba aliporudi alitabasamu. Akachukua spana aining'inize kwenye sumaku, kama alivyozoea. Spana ikaanguka chini. Akajaribu tena, ikaanguka. Akanitazama, akalitazama jiko, kisha akasema polepole, "Umeiua."

Hakunipiga wala kunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ilimbidi amnunulie mteja spika nyingine kwa shilingi 2,500, na mimi nikakubali kufagia kibanda chake na kumsukia koili kila Jumamosi hadi deni liishe. Lakini deni si ndilo lililoninyima usingizi. Nililolala nikiliwaza ni hili: ile ringi nyeusi ilikuwa na uzito ule ule, rangi ile ile, umbo lile lile. Hakikupungua kitu. Sasa kilichotoka ni nini?

Jambo la aibu ni kwamba nilikuwa nimelisoma. Mtihani wa kidato cha pili uliniuliza nitaje njia za kuiondolea sumaku nguvu zake, nami nikaandika kwamba mojawapo ni kuipasha joto. Nilipewa alama! Nilijua jibu la mtihani, lakini nilipokuwa na spika mkononi na jiko mbele yangu, halikunijia hata kidogo. Manake nilikariri tu. Tena sikuwa na udhuru wa kusema ni jambo jipya. William Gilbert, daktari Mwingereza, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1600 kwamba sumaku ikitiwa motoni hupoteza nguvu. Miaka mia nne na ushee kabla yangu!

Basi nilianza kuuliza, kwa mwalimu wetu wa Fizikia na kwa mjomba, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kila kitu kimeundwa kwa atomi, na ndani ya atomi mna elektroni. Elektroni, kwa maumbile yake, ni sumaku ndogo sana, yenye ncha ya kaskazini na ya kusini. Usiniulize nani aliipa. Ndivyo ilivyo, kama ilivyo na chaji. Katika vitu vingi, kama vile mbao, shaba na plastiki, elektroni hukaa mbilimbili, moja ikielekea juu na mwenzake chini, hivyo nguvu zao zinafutana. Lakini katika atomi ya chuma kuna elektroni nne zisizo na wenzao, kwa hiyo atomi nzima inabaki kuwa sumaku. Kobalti na nikeli pia ni hivyo hivyo, ijapokuwa idadi si moja.

Hapo utauliza: ikiwa kila atomi ya chuma ni sumaku, mbona sufuria na misumari havinatani ovyo? Jibu lilitolewa na Mfaransa Pierre Weiss mwaka 1907. Atomi za chuma hujipanga kwa vikundi. Kila kikundi kina mabilioni ya atomi zinazoelekea upande mmoja, lakini vikundi vyenyewe vinaelekea huku na huku. Fikiria paredi yetu ya Jumatatu kabla ya kengele. Kidato cha kwanza kinatazama lango, cha pili kinatazama jikoni (si mnajua kwa nini), cha tatu kinatazama uwanja. Ndani ya kila kidato wote wanatazama upande mmoja, lakini mgeni aliyesimama barabarani hawezi kusema shule hii inatazama wapi. Huo ndio msumari wa kawaida. Sasa mwalimu wa zamu apige kengele, na shule nzima igeukie bendera. Huo ndio msumari uliokuwa sumaku. Hakuongezwa mwanafunzi hata mmoja. Mpango tu ndio uliobadilika.

Nilipofika hapo nilielewa kilichotoka motoni. Hakikutoka kitu. Uliovunjika ni mpango.

Joto, kama tunavyojua, ni kutikisika kwa atomi. Kadiri kitu kinavyopata joto ndivyo atomi zinavyotikisika, na kuna kiwango ambacho kikipitwa zinashindwa kabisa kushikilia mwelekeo mmoja. Kiwango hicho kinaitwa halijoto ya Curie, kwa jina la Pierre Curie aliyekichunguza mwaka 1895. Kwa chuma ni nyuzi 770 za Selsiasi. Kwa sumaku nyeusi za spika, ambazo hutengenezwa kwa oksidi ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu, ni takriban nyuzi 450. Makaa mekundu yanapita hapo bila taabu. Na kitu kikipoa, vikundi vinarudi, lakini kila kikundi kinaelekea kinakotaka. Paredi imerudi uwanjani, ila kengele haijapigwa.

Kwa hiyo hilo neno "ya kudumu" katika "sumaku ya kudumu" lisikudanganye. Hudumu mradi hakuna aliyeivuruga. Moto huivuruga, nyundo huivuruga, na hata kuiweka vibaya kabatini huivuruga polepole, kama tutakavyoona.

Mbona basi msumari wa chuma laini ukiguswa na sumaku unashika pini, halafu sumaku ikiondolewa pini zinaanguka, ilhali sindano ya feleji inabaki na nguvu? Tofauti iko katika usafi. Katika chuma laini vikundi vinageuka kirahisi, na vinarudi kirahisi vilevile. Katika feleji kuna kaboni na vitu vingine vilivyotapakaa ndani, navyo ni kama madawati yaliyosongamana: kumgeuza mwanafunzi ni kazi, lakini ukishamgeuza hana nafasi ya kurudi. Chuma laini hutii na kusahau. Feleji ni mkaidi lakini ina kumbukumbu. Sumaku za spika ni kaidi kuliko feleji, na zile ndogo zenye kung'aa za neodimiamu, zilizogunduliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndizo zenye nguvu zaidi ya zote zinazouzwa. (Neodimiamu ni katika madini yanayoitwa ya ardhi adimu. Mlima Mrima kule Kwale, hapa hapa kwetu, unajulikana kuwa na madini ya jamii hiyo.)

Sasa tuje kwa ndugu yake, sumakuumeme. Wenzangu darasani hucheka nikitamka neno hilo, lakini mimi naliona zuri, manake linajieleza lenyewe: sumaku iliyozaliwa na umeme.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo kikuu mjini Copenhagen, alipitisha mkondo wa umeme katika waya uliokuwa karibu na dira. Sindano ya dira ikageuka. Waya ule haukuwa wa chuma, na kabla ya umeme kupita haukuwa na habari na dira. Mwaka uo huo Mfaransa André-Marie Ampère alionyesha kwamba nyaya mbili zenye mikondo inayokwenda upande mmoja huvutana, na akasema jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote: kwamba hata ndani ya sumaku ya kawaida mna mikondo midogo midogo ya umeme inayozunguka. Wakati huo hakuna aliyejua elektroni ni nini. Leo tunajua hakukosea sana. Kwa hakika hakuna sumaku za aina mbili. Kuna chanzo kimoja, na tofauti ni kama chanzo hicho kimo ndani ya atomi au kinatoka kwenye betri.

Waya mmoja ulionyooka una nguvu kidogo mno. Ukiukunja uwe koili, nguvu za kila mzunguko zinajumlishwa na za mwenzake. Mizunguko 100 yenye mkondo wa ampea 1 ni sawa na mizunguko 10 yenye ampea 10. Ukitia chuma laini katikati, hapo ndipo maajabu yanapotokea, kwa sababu koili ndiyo mwalimu wa zamu na chuma ndicho shule nzima. Koili inapiga kengele, vikundi vya chuma vinageuka, navyo vinaongeza nguvu mara mia kadhaa. Ukikata umeme, vinasahau. Ndiyo maana tunataka chuma laini na si feleji. Lakini kuna mwisho. Vikundi vyote vikishageuka, hata uongeze umeme namna gani, chuma hakina cha kuongeza. Mwisho huo ni kama tesla 2. Ili upate picha, nguvu za sumaku ya dunia hapa Kenya hazifiki hata sehemu moja kwa elfu kumi ya tesla moja.

Mwingereza William Sturgeon alitengeneza sumakuumeme mwaka 1825. Alipinda chuma mfano wa kwato la farasi, akazungusha waya mara 18, na kijichuma hicho cha gramu 200 kikainua kilo 4. Waya wake ulikuwa mtupu, kwa hiyo hakuweza kuusonga pamoja. Ungegusana na umeme ungepita njia ya mkato. Mmarekani Joseph Henry akauvika waya hariri, akaweza kuzungusha tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku yake ilibeba zaidi ya kilo 900. Waya wa shaba anaotumia mjomba hauna hariri, una vanishi nyembamba inayong'aa. Siku ya kwanza nilidhani ni shaba tupu. Nikaunga kwenye betri na hakikufanyika kitu, hadi mjomba alipochukua kisu akakwangua ncha mbili tu. Usikwangue kwingine.

Spika ile niliyoiua ilikuwa na ndugu wote wawili. Ile ringi ni sumaku ya kudumu. Katikati yake hukaa koili ndogo iliyogundishwa kwenye karatasi. Umeme wa wimbo unapoingia kwenye koili, unabadili mwelekeo mamia ya mara kwa sekunde, na koili inakuwa sumaku inayovutwa na kusukumwa na ringi. Karatasi inakwenda mbele na nyuma, hewa inatikisika, nawe unasikia besi. Ringi ikifa, koili haina wa kushindana naye.

Kilichonishangaza kibandani ni mota. Nilidhani nikifungua mota ya posho mill nitakuta sumaku kubwa ajabu. Wapi! Hakuna hata moja. Mna koili zilizopangwa kwa duara, na katikati mna mtaimbo wa chuma na alumini. Umeme wa laini tatu unazipa koili nguvu kwa zamu, hivi kwamba uga wa sumaku wenyewe ndio unaozunguka. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na katika mota yenye ncha nne uga huo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Mtaimbo unaukimbilia lakini haufiki kamwe. Huenda mara 1,440 hivi. Ungeufikia, usingevutwa tena. Unga wa ugali wetu wote unasagwa na mbio hizo.

Kuna swali nililomuuliza mwalimu ambalo nadhani na wewe utaliuliza. Sumaku inayoshikilia karatasi kwenye friji, haichoki? Mbona sumakuumeme inamaliza betri kwa kushikilia kitu kile kile? Mwalimu alinijibu kwa swali: "Msumari uliotundikia koti ukutani unachoka?" Kushikilia tu si kazi katika Fizikia, kazi ni kusogeza. Na betri inayoisha haiishi kwa sababu ya kushikilia, bali kwa sababu waya una ukinzani, na mkondo ukipita unageuka joto. Yaani sumakuumeme iliyotulia huchoma betri yote kupasha waya moto. Ndiyo maana mashine za MRI za hospitali kubwa zina koili zilizotiwa ndani ya heliamu ya majimaji, baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri. Katika baridi hiyo waya wa aina maalumu hauna ukinzani kabisa, na mkondo ukishaanzishwa unaendelea kuzunguka bila betri.

Mnamo muhula wa pili tulikuwa na jaribio la sumaku katika maabara yetu. Tuna vipande vinne tu vya sumaku, vya feleji, vyenye rangi nyekundu upande mmoja, na vilikuwa dhaifu hadi aibu. Kimoja kilishika pini mbili, vingine moja. Nilitazama ndani ya kabati nikaona sababu: vilikuwa vimetupwa pamoja, nyekundu kwa nyekundu, vikisukumana mwaka hadi mwaka. Inatakiwa vilazwe viwili viwili, ncha zikipishana, na kipande cha chuma laini kila mwisho, ili kila kimoja kimsaidie mwenzake kukaa katika mpango. Nikamwambia mwalimu, "Naomba nivichukue Jumamosi." Alisitasita. Habari za jiko zilikuwa zimemfikia.

Kibandani tulizungusha waya wa milimita moja kwenye kipande cha paipu ya plastiki chenye urefu wa sentimita 10, mizunguko 300 kwa tabaka tatu. Ukinzani wake ulikuwa omu 0.75, na betri ya gari ni volti 12. Gawanya: ampea 16. Mkondo huo unaunguza waya ukiuachilia, kwa hiyo unagusa kwa sekunde mbili tu. Ukiachanisha, cheche inaruka, kwa sababu uga ukifa ghafla unazua umeme mpya katika koili hiyo hiyo. Mjomba alinilazimisha nishike kwa koleo lenye mpira, tena mbali na betri, ambayo hutoa gesi ya kuwaka. Na nakusihi, msomaji, usije ukachomeka koili kama hiyo ukutani. Umeme wa ukutani utakuua, na hata kama ungepona, mwelekeo wake unageuka geuka, hauwezi kuipa sumaku mpango.

Niliingiza kipande cha kwanza, nikagusa waya, cheche, nikakitoa. Kikashika pini tisa. Nilipiga kelele hadi mwenye duka la pembeni akaja kutazama. Cha pili, tisa. Cha tatu, kumi. Cha nne nilikuwa na haraka, nikakiingiza kinyume. Nguvu kilikuwa nazo, lakini dira ilionyesha kwamba ncha nyekundu imekuwa kusini! Hapo nikakumbuka ile kanuni ya mkono wa kulia: vidole vikizunguka koili kufuata mkondo, dole gumba linaonyesha kaskazini. Nikakigeuza, nikagusa tena, kikarekebika. Kitu kilichochukua miaka kabatini kuharibika kilitengenezwa kwa sekunde mbili.

Mwishowe tukaijaribu ile ringi ya spika. Tulitia boliti nene ya chuma ndani ya paipu, tukailaza ringi juu ya kichwa chake, nikagusa mara tano. Mjomba akaleta spana. Spana ikaanguka. Sikushangaa sana, kwa kuwa ukaidi ule ule unaoilinda ringi isipoteze mpango ndio unaoizuia isipokee mwingine. Viwandani huzipa sumaku hizo nguvu kwa maelfu ya ampea yanayoachiliwa kwa mpigo mmoja mfupi, na betri ya gari haina uwezo huo. Lakini nilipoleta pini, moja ilinata. Kisha ya pili, na ya tatu.

Mjomba alinipa niichukue. Deni langu lilibaki Jumamosi sita wakati nikiandika haya. Vile vipande vinne viko maabara, vimelazwa ncha zikipishana, na ringi iko rafu ya juu, karibu na kopo la pini, kwa yeyote anayetaka kuhesabu kama bado ni tatu.